Tawakali na Masurufu ya Njia ya Chumvi

Mtu akaaye Shinyanga, akitia azima ya kwenda kuliona jangwa la chumvi kwa macho yake, hana haja ya kupekua ramani za Botswana wala za Bara Arabu, maana liko moja jirani yake, nalo ni Ziwa Eyasi, ambalo kiangazi kikikaza hurudi nyuma likaacha nyanda pana za chumvi na magadi chini ya kuta za Bonde la Ufa. Tena maji ya nchi yake mwenyewe humtangulia katika safari hiyo: mto Manonga huyakusanya yale ya kusini mwa mkoa ukayamimina katika mbuga ya Wembere, Wembere ikayapokeza Ziwa Kitangiri, na kutoka Kitangiri mto Sibiti ukayachukua hadi Eyasi, ambako hayana mlango wa kutokea, basi hukaa pale yakinywewa na jua mwaka baada ya mwaka, na kila yalichokichota njiani kikasalia chini kikawa chumvi. Maji ya Geita aghalabu yamejaliwa safari nyingine. Hayo huingia Ziwa Viktoria yakashuka na Mto Naili hadi pwani ya Misri, na labda ndiyo sababu watu wa Geita hutuhesabu sisi wa Shinyanga kuwa watu wa nchi kavu.

Njia tuliyoikusudia ni ile itokayo Kolandoto, penye hospitali iliyoanzishwa na wamisheni, ikapita Lalago na Mwanhuzi, makao makuu ya wilaya ya Meatu, kisha ikaelekea Matala na ziwa lenyewe. Ni njia ambayo kwa miaka mingi imetajwa kuwa ndiyo ifaayo kuzunguka mbuga za Serengeti kwa upande wa kusini. Wenye magari huizungumza kama kitu cha kesho, ilhali ni cha jana na juzi. Vijana wa Kisukuma walikuwa wakienda Eyasi kwa miguu baada ya mavuno, kundi kwa kundi, wakavuka nchi ya kiu na ya wanyama wakali ili wachote chumvi ufukoni na kurudi nayo mabegani. Na misafara hiyo ilikuwa na sifa hata H. S. Senior akaiandikia makala katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1938. Leo chumvi hupatikana katika kila duka, kwa hiyo aendaye Eyasi kwa gari hawezi kudai kwamba jiko la mkewe limemtuma. Anakwenda kutazama tu, na mtu anayekwenda kutazama tu, akaleta taabu juu ya wengine, ana udhuru mdogo kuliko yule aliyefuata chumvi.

Nasema hivi kwa sababu ya neno alilolisema fundi wetu wa magari, mzaliwa wa Geita, ambaye riziki yake yote ameipata kwa kufufua magari ya wachimbaji wa dhahabu, na ambaye ndiye atakayeshika usukani. Aliponiona napanga madumu ya maji ukutani alisimama akayahesabu, akatikisa kichwa, akasema, "Maalim, yote haya ya nini? Tubebe dizeli, maji tutayakuta njiani. Mungu hamtupi mja wake." Neno hilo lina heshima kubwa kwetu, kiasi kwamba mtu akilijibu kwa pupa huonekana kama aliyeibishia dini yenyewe. Walakini, kadiri ninavyolifikiri ndivyo ninavyoona kwamba swali kongwe la tadbiri na kadari, lililowachosha wanafalsafa wa kila taifa, tumezoea kuliuliza upande mmoja tu. Tunauliza kama mwanadamu anayepanga kesho yake anamdhulumu Mungu haki Yake. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kama asiyepanga anamdhulumu mwanadamu mwenziwe.

Katika upande wa kwanza, vitabu vimekwisha kusema, na havikusema neno moja. Sura ya Al-Kahf inamkataza Mtume asiahidi jambo la kesho bila ya kulifungamanisha na mapenzi ya Mungu, na Waraka wa Yakobo, katika mlango wa nne, unawakaripia wafanya biashara wanaojigamba kwamba watakwenda mji fulani, wakae huko mwaka mzima na kupata faida, nao hawajui hata uhai wao wa kesho. Lakini Injili ya Luka, katika mlango wa kumi na nne, inamtaja mtu atakaye kujenga mnara, akaketi kwanza kuhesabu gharama asije akachekwa. Na hadithi ya yule bedui aliyeamrishwa amfunge ngamia wake ndipo atawakali imesimuliwa barazani mara nyingi hata wasikilizaji huimalizia wenyewe kabla ya msimuliaji. Aghalabu mazungumzo hukomea hapo: panga, kisha mwachie Mungu. Ni jibu sahihi, nami sina ugomvi nalo, ila ni jibu la mtu aliye peke yake duniani na ngamia wake.

Liko tukio jingine, alilolipokea Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas, lenye kina zaidi. Watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila ya masurufu yoyote, wakidai kwamba wao ndio wenye kutawakali. Na walipofika Makka wakawa wanawaomba watu chakula. Ndipo ikateremka ile aya ya Suratul Baqara inayowaamrisha mahujaji wachukue masurufu, na kuwakumbusha kwamba masurufu bora ni uchamungu. Tazama namna dai lao linavyofunuliwa. Walisema wamemtegemea Mungu, na pengine waliamini hivyo kwa nyoyo safi, lakini ukiifuata safari yao hatua kwa hatua, kile walichokitegemea kwa hakika kilikuwa mifuko ya watu wa Makka. Kati yao na Mungu alikuwapo mtu wa tatu, mwenye unga wake na watoto wake, ambaye hakuulizwa. Tawakali yao ilikuwa deni lililoandikwa kwa jina la mwingine.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, analishika jambo hili katika mlango wa tawakali wa Ihyaa Ulumiddin. Yeye hakatai kwamba wako watu walioingia jangwani bila ya chakula na wala hawakukosea. Lakini anawawekea sharti, kwamba mtu awe ameizoeza nafsi yake kuvumilia njaa kwa siku kadhaa, na awe anaweza kujilisha majani na vitu duni. Kisha anamtaja Ibrahim al-Khawwas, sufi aliyesifika kwa safari hizo, akaeleza kwamba hata yeye hakuachana na sindano, mkasi, kamba na chombo cha kutekea maji, kwa kuwa desturi ya Mungu katika majangwa ni kwamba maji yako chini kisimani, na hayapandi juu yenyewe bila ya kamba na ndoo. Mimi hupendezwa sana na ile sindano. Mtu aliyetupa kila kitu hakuitupa sindano, maana nguo yake ikipasuka hana budi ama kukaa uchi mbele ya watu ama kuomba nguo ya mwenziwe. Ukiviangalia vyombo vyake vyote utaona kwamba njaa yake mwenyewe aliikubali, ila hakukubali kuwa mzigo.

Sasa, anaposema fundi kwamba maji tutayakuta njiani, anasema kweli. Yatakuwapo. Lakini mtu yeyote aliyepita Meatu mwezi wa Septemba anajua yanavyokuwapo. Makorongo yamekauka, na katikati ya mchanga wanawake wamefukua shimo hata kimo cha kifua. Mmoja ameshuka ndani, ameinama, anangoja maji yajikusanye chini ya miguu yake, na yakifika kiasi cha kufunika kitako cha bakuli anayateka pole pole asije akayatibua, anayapitisha juu kwa mwenzake aliye ukingoni, naye anayamimina ndooni kupitia kipande cha kanga. Ndoo moja yaweza kula sehemu kubwa ya asubuhi. Pembeni ng'ombe wamesimama, na mchungaji wa Kitaturu anazingoja zamu zao. Hapo ndipo linapofika gari la watalii wa Shinyanga wenye kutawakali, na mgeni anaposhuka na chupa tupu, mila za watu wale hazimruhusu mama yule aseme hapana. Atapewa. Nasi tutaondoka tukisema kwamba hakika Mungu hamtupi mja wake, na itakuwa kweli, isipokuwa tumesahau kuuliza ni mja gani aliyelipa.

Geita wanalijua jambo hili kwa sura iliyo kali zaidi, na nilistaajabu kwamba fundi hakuliona mwenyewe. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo kila duara hushuka chini kwa kutegemea matimba, yaani magogo yanayokingama kuta ili udongo usiporomoke; na magogo yana bei, nayo bei hupanda kadiri miti inavyozidi kuwa mbali. Mwenye duara apendaye kupunguza gharama huyaacha matimba yawe machache, na akiulizwa hutoa jibu lile lile la utulivu, kwamba ajali haina kinga na siku ya mtu ikifika imefika. Mara nyingi anayesema hivyo yuko juu, kivulini, penye kiti. Aliyeko chini na nyundo yake, ambaye malipo yake ni mgao wa mifuko ya mawe, tena mawe yasiyojulikana kama yana kitu mpaka yapite karashani, yeye ndiye ambaye shingo yake imewekwa rehani kwa tawakali ya bosi. Simtuhumu kila mwenye duara, wako wanaoshuka wenyewe kukagua magogo kila alfajiri. Nasema tu kwamba itikadi ya kadari, inapotamkwa na aliye juu kuhusu aliye chini, huacha kuwa itikadi.

Nikirudi kwenye madumu yetu, wanazuoni wa fiqhi wameifanya hesabu ya maji kuwa sehemu ya ibada kwa namna ambayo watu wa mjini hatuifikirii. Msafiri mwenye maji kidogo, akiogopa kiu yake, au ya mwenziwe, au hata ya mnyama wake, huruhusiwa kuyaacha ya kunywa na kutayamamu kwa ardhi safi. Je, uwanda wa chumvi ni ardhi ya kutayamamu? Walihitilafiana. Yahya bin Said, kama alivyotajwa katika Sahihi Bukhari, hakuona ubaya kusali juu ya ardhi ya chumvi wala kutayamamu kwayo, na Ibn Khuzayma akatoa hoja kwamba Madina yenyewe ilisifiwa kuwa nchi ya chumvi yenye mitende, basi itakuwaje ardhi ile isifae. Lakini wafuasi wa Shafii, ambao ndio wengi wa Waislamu wetu, wanataka udongo wenye vumbi linaloshika mkononi. Pale Eyasi, mbali na ukingo, huenda vumbi usilipate: juu pana gamba jeupe kama ukoko wa wali, na chini yake tope jeusi linalonuka. Ndiyo kusema hata mfuko mdogo wa udongo wa Shinyanga waweza kuwa miongoni mwa masurufu. Fundi alicheka sana kusikia hivyo, ila nilimwona baadaye akiutafuta mfuko.

Katika Talmudi ya Wayahudi limo swali linalojulikana na wengi: watu wawili wako jangwani, mmoja ana maji yanayomtosha yeye peke yake kufika penye watu, wakigawana watakufa wote wawili, akiyanywa mwenyewe ataokoka mmoja. Ben Petura aliona heri wanywe wote wawili, mmoja asiyashuhudie mauti ya mwenziwe. Rabi Akiva akaamua kwamba uhai wako unatangulia uhai wa mwenzio. Wanafunzi wa falsafa hupenda kugawanyika hapo, kila mmoja upande wake, na mimi nimewasikiliza kwa raha. Hata hivyo naona swali limeanza kuulizwa katikati. Kabla ya jangwa wale wawili walikuwa na mji, na mji ulikuwa na bomba au kisima, na iko asubuhi moja ambapo mmoja wao aliyatazama madumu akaona ni mazito. Hukumu aitafutayo Akiva kwa uchungu ilikuwa rahisi asubuhi ile, na haikuhitaji rabi.

Sharti nikiri kwamba fundi ana hoja moja ambayo sijaweza kuivunja. Dumu la lita 20 ni uzito wa kilo 20, na gamba la chumvi halijui nia njema; kila dumu tunaloliongeza ili tusiwe mzigo kwa watu linalizidishia gari uzito na kuliongezea uwezekano wa kuzama, na likizama tutawaita watu hao hao waje na majembe na ng'ombe wao kutuvuta. Tumekubaliana basi kwamba gari litabaki kwenye majani, penye ardhi ngumu, na uwandani tutakwenda kwa miguu kama walivyokwenda wale vijana wa chumvi; ametoa dumu moja la dizeli, mimi nimetoa sanduku la vitabu, na nafasi iliyopatikana imejazwa maji ya kuachwa kwenye makorongo ya Meatu, tukiwakuta wenyewe au tusiwakute. Juu ya chepe na mbao za kuweka chini ya magurudumu bado tunabishana, kwa maana yeye anasema ukishaamua kutoingia matopeni ni kumshuku Mungu kubeba vya kutokea.