Kosa Moja, Mizani Mbili

Mwanafunzi wa Kiingereza, katika masomo yake ya mwanzo, humtaja mamaye kwa neno "he", na darasa zima likaangua kicheko. Je, amekosa nini? Kiswahili kimemzoeza kusema "amekuja", na kiambishi hicho a- humchukua mama na baba pasi na kuwabagua. Kiingereza chamtaka aamue kwanza: mwanamume au mwanamke? Kosa lake, basi, si upungufu wa akili. Ni mazoea ya sarufi aliyolelewa nayo.

Tazama upande wa pili. Mgeni kutoka Uingereza asemapo "kitabu yangu", akavunja upatanisho wa ngeli, hupongezwa: "Hodari! Anajua Kiswahili!" Huyu husifiwa kwa kujaribu, yule huaibishwa kwa kutokamilika. Na aliyeaibishwa hunyamaza, na anyamazaye hajifunzi.

Kujifunza msamiati wa kila siku na sarufi ya mwanzo ya Kiingereza ni jambo jema. Ovu ni kuifanya lugha ya kigeni kuwa kipimo cha utu. Haki haidai mgeni naye achekwe; yadai mwenyeji naye avumiliwe. Kujikwaa si kuanguka, wahenga wamesema, bali ni kwenda mbele. Ila mwenye kujikwaa sharti aachwe aendelee kutembea.