Daktari wa upasuaji afundishwe huruma?

Nilimsindikiza mzee mmoja, jirani yetu hapa Tunduma, kwenda kupasuliwa ngiri katika hospitali moja nje ya mkoa. Asubuhi daktari akaja na wanafunzi wake. Wakazunguka kitanda, shuka ikafunuliwa, yakasemwa maneno ya Kiingereza, wakaondoka. Mtu wa umri wa babu zao, na hakuna aliyemwambia shikamoo. Mzee akajivutia shuka kufunika utupu wake, akaniuliza: "Mwalimu, wamesemaje? Nitapona?"

Wapo wasemao huruma haifundishwi, na kwamba mpasuaji anahitaji mkono usiotetemeka, basi. Ni kweli hakuna anayetaka kupasuliwa na mtu anayelia. Lakini huruma si machozi. Novemba 2007, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa: mwenye tatizo la goti akapasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa mguu. Sikusikia aliyedai kuwa wapasuaji hawakujua kushika kisu. Kilichokosekana ni kumjua aliyelala pale ni nani. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani likatoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji, ambayo huanza kwa mgonjwa mwenyewe kuthibitisha yeye ni nani na anapasuliwa nini, kabla ya dawa ya usingizi. Yaani ulimwengu mzima ulibidi ukumbushwe kwa maandishi kumuuliza mtu jina lake!

Tabibu wetu wa Andalus, Abul Qasim al-Zahrawi, aliyeandika juu ya upasuaji miaka elfu moja iliyopita, aliwaita wanafunzi wake wanangu. Kwake kisu na malezi havikutengana.

Ndugu msomaji, itazame Surat Abasa. Mtume (SAW) alikunja uso alipojiwa na Ibn Umm Maktum huku akizungumza na wakubwa wa Makureshi. Ibn Umm Maktum alikuwa kipofu, uso ule hakuuona. Na bado aya zikashuka. Mgonjwa aliyelala kwa nusu kaputi naye haoni anavyofunuliwa, hasikii mzaha unaopigwa juu ya mwili wake. Je, kwa kuwa hajui, hakudhulumiwa?

Mimi ni mwalimu, najua kisichotahiniwa hakisomwi. Vyuo vyetu vya udaktari, kikiwemo cha jirani zetu Mbeya, vitoe alama pale kitandani: mwanafunzi amesalimia? Ameomba idhini kabla ya kufunua? Ameeleza kwa Kiswahili? Najua madaktari ni wachache na foleni ni ndefu. Shikamoo haimalizi dakika.

Mzee alipona, alhamdulillahi. Siku ya kuondoka alimtafuta kijana mmoja tu amuage, yule aliyerudi jioni peke yake, akamwamkia na kumweleza atakatwa wapi na atashonwaje. Jina la daktari mkuu halijui mpaka leo.