Amana ya Picha

Daktari wa Kitete, palipo na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tabora, apigapo picha ya kidonda yenye nukta 6000 kwa 4000, yaani milioni 24, kisha akaitia katika slaidi za PowerPoint ili wenziwe waitazame ukutani, projekta ya kawaida ya nukta 1920 kwa 1080 haitawaonyesha ila milioni 2 na kidogo. Na programu yenyewe, isipozuiwa, aghalabu huipunguza picha wakati wa kuhifadhi hadi nukta 220 kwa kila inchi ya slaidi, na mtumiaji akitaka, hadi 150 au hata 96. Kwa nukta 220, watazamaji hawapungukiwi kitu. Lakini nukta zilizotupwa hazirudi: ukiikuza picha ile baadaye uuchunguze ukingo wa kidonda, programu hukisia tu, ikiziba pengo kwa wastani wa nukta jirani. Hapo huzuka suali la kale la wanafalsafa waliotenga dhati ya kitu na sifa zake: je, picha iliyopunguzwa ni ile ile?

Mimi naona jawabu lilikwisha kupita hapa hapa Tabora, katika njia ya kale ya misafara. Mwaka 1873, mpelelezi David Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao waliutoa moyo na matumbo, wakavizika chini ya mti huku mwenzao Jacob Wainwright akisoma sala, wakaukausha mwili juani, wakaikunja miguu ili mzigo uwe mfupi, wakaufunga kwa magome. Walipofika Unyanyembe, penye Tabora ya leo, Mwingereza Luteni Cameron aliwashauri wamzike papo hapo; wakakataa, na mbele kidogo wakaufunga upya mfano wa mtumba wa nguo, ili upite salama kwa watu wasiotaka maiti nchini mwao. Huko London, mwaka 1874, mfupa wa mkono uliowahi kuvunjwa na simba ulithibitisha kuwa ndiye.

Chuma na wenzake walipunguza, tena sana. Ila walijua wanachokiacha, wakakisitiri kwa heshima, na mahali pake pakatiwa alama. Programu hutupa bila kaburi. Kosa basi, kwa hukumu yangu, haliko katika kupunguza, maana hata jicho la mwanadamu halichukui yote lililoyatazama, bali katika kupunguza pasi na idhini ya mwenye mali, seuze picha ya mgonjwa, ambayo daktari mwenyewe ameshikishwa tu. Kwa hiyo, msomaji utayarishaye slaidi, ingia katika mipangilio uizuie programu isizibane picha kwa hiari yake, na nakala ya asili uiweke mbali na slaidi kabla hujapunguza chochote.