Habari ya Neno Msaada



Mwezi huu twataka kuwaandikia habari ya neno moja dogo, ambalo haipiti siku pasipo sisi kulitamka, nalo ni neno msaada. Twalitamka sokoni na njiani, twalitamka katika maombi ya Jumapili, nao wazee wa kanisa hulisoma katika matangazo kila penye msiba au ugonjwa. Lakini neno litumiwalo sana huchakaa kama sarafu ipitayo mikononi mwa wengi, hata sura iliyochorwa juu yake isionekane tena. Siku hizi mtu akisikia habari ya misaada, mawazo yake huenda upesi kwenye magunia, mablanketi, na fedha zitokazo mbali. Hatusemi ya kwamba vitu hivyo si msaada. Walutheri wa nchi hii wangekosa shukrani kama wangesema hivyo. Kwa maana vita ilipoanza katika mwaka 1939, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa katika kazi yao, Walutheri wa Marekani, wa Kanisa la Augustana, waliingia kuitunza kazi ile isife. Tena shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964, limewapokea na kuwahudumia wakimbizi wengi sana waliokuja kwetu hawana kitu. Hayo yote twayashukuru. Lakini twauliza: kabla ya magunia hayo, neno lenyewe lilikuwa na maana gani?

Neno letu limetoka katika Kiarabu, kama yalivyotoka maneno mengine mengi ya Kiswahili. Jamaa zake ni neno saada, yaani heri, na jina la Saidi, yaani mtu mwenye heri. Tena yuko ndugu yao mwingine, ambaye kwa Kiarabu ndilo jina la sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kiganja. Wataalamu wa kale wa lugha ile walieleza ya kwamba kusaidia kuliitwa hivyo kwa sababu mtu akienda na mwenzake katika shughuli, huuweka mkono wake juu ya mkono wa mwenziwe, wakaenda pamoja mpaka shughuli iishe. Fikirini maana hiyo. Gunia laweza kutumwa kwa gari, lakini mkono hautumwi. Mkono huenda pamoja na mwenyewe.

Waingereza nao wana maneno mawili yatumikayo sana. La kwanza ni help, neno la kale sana, ambalo ni ndugu wa neno la Wajerumani, helfen. Baba yetu Martin Luther alililia msaada kwa neno hilo la kwao siku ile ya tarehe 2 Julai 1505, karibu na kijiji cha Stotternheim, radi ilipopiga karibu naye. Naye kwa hofu akamwita Anna Mtakatifu amsaidie, akaahidi kuingia utawani. (Baadaye alijifunza kumwita aliye mkuu kuliko Anna.) La pili ni aid, ambalo Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao Wafaransa walilipata katika Kilatini. Kutoka kwa Kifaransa hicho hicho kimetoka kile kilio cha hatari ambacho manahodha na marubani wa dunia nzima hukitamka katika redio, wakikirudia mara tatu: Mayday. Maana yake, nisaidieni. Frederick Mockford, mtu wa redio katika uwanja wa ndege wa Croydon, karibu na London, ndiye aliyekichagua katika mwaka 1923. Kwa kuwa ndege nyingi za pale zilikwenda Paris na kurudi, alitafuta neno ambalo Mwingereza na Mfaransa wote wawili wangelisikia na kulijua mara moja.

Lakini lililo na utajiri kuliko hayo yote ni neno la Kiyunani, ambalo Mtakatifu Luka na wenzake walilitumia katika Agano Jipya. Limeunganishwa kwa maneno mawili, moja ni yowe, na la pili ni kukimbia. Basi kwa asili, asaidiaye ni yule alisikiaye yowe akakimbia kuliendea.

Sisi wa Pasiansi, na watu wote wa pwani hii ya Ziwa, hatuhitaji kamusi ili tuielewe maana hiyo. Wasukuma waliita yowe la hatari mwano. Likipigwa usiku, hakuna aliyeuliza kwanza ni nyumba ya nani, wala ni dini gani. Kila mwenye nguvu alitoka, na asiyetoka aliulizwa kesho yake alikuwa wapi. Wala desturi hii haijafa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyokuwa ikienda Bukoba ilianguka ziwani karibu na kiwanja, ikiwa na watu 43. Waliofika kwanza ni wavuvi katika mitumbwi yao. Walisikia kishindo, wakapiga makasia. Ikasimuliwa ya kwamba kijana mmoja wao alitumia kafi yake kuufungua mlango. Watu 24 walitoka hai, na 19 walikufa. Kadhalika kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 200, wenye mitumbwi ndio waliowahi. Hawakuwa na vyombo vya uokozi, wala hawakuitwa kwa barua. Walikuwa na masikio, na miguu, na makafi.

Twasema haya kwa uchungu pia, kwa kuwa si kila yowe lililoitikiwa lilipata wokovu. Wengi wenu mwaikumbuka tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka ikiwa karibu kufika Mwanza, wakafa mamia ya watu, na makaburi ya wengi wao yako Igoma hata leo. Wale waliokuwapo walisimulia jinsi walivyosikia watu wakigonga kutoka ndani ya tumbo la meli iliyogeuka chini juu. Na tundu lilipotobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, nacho chombo kikazama. Hatuliandiki hili ili kumlaumu mtu. Twaliandika kwa sababu mtu akihubiri juu ya msaada katika mji huu, naye akapita pasipo kuitaja Igoma, hajasema kweli yote.

Sasa twafika mahali pagumu. Someni Matendo ya Mitume, mlango wa 21. Paulo yumo hekaluni, Yerusalemu. Adui zake wanamkamata na kupiga kelele, wakiwaita watu wote wa Israeli waje kusaidia. Neno walilolitumia ni lile lile! Ni lile alilolitumia mwanamke Mkanaani alipomlilia Bwana kwa ajili ya binti yake, katika Mathayo mlango wa 15. Ni lile la yule mtu wa Makedonia katika maono ya usiku, aliyemsihi Paulo avuke kwanza, kisha asaidie. Lakini safari hii waliitana ili kuua. Mji wote ukataharuki, watu wakaja mbio kutoka kila upande, wakamburuta nje, wakampiga. Nao hawa, kama ungaliwauliza, wangalikujibu ya kwamba wameitikia yowe.

Ndugu zetu, je! jambo hili hatulijui? Katika vijiji vya Usukuma vikongwe wengi wameuawa kwa panga, kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Macho hayo yalifanywa mekundu na moshi wa jikoni, wa kuni na wa samadi kavu, ambao walikaa ndani yake miaka hamsini wakiwapikia wale wale waliokuja kuwaogopa. Mtoto ameugua, ng'ombe amekufa, mganga ametaja jina. Na watu wakadhani ya kuwa wanausaidia ukoo. Mara nyingine shauri lenyewe lilikuwa la shamba na urithi, nao uchawi ulikuwa kisingizio tu. Naye bibi alipopiga yowe lake mwenyewe, usiku ule, ni nani aliyekimbia?

Labda mtasema: Sisi hatumo katika hayo, sisi tu Wakristo, tena twakaa mjini. Ni kweli, wengi wetu tuishio hapa Pasiansi tumewaacha mama zetu na bibi zetu Kwimba, Magu, Misungwi, Sengerema. Twawatumia fedha kwa simu kila mwisho wa mwezi, na hilo ni jema, wala asiache mtu kulifanya. Lakini fedha hufika pale katika nukta moja, wala haioni uso wa mtu. Haioni kwamba jirani ameacha kumsalimu. Haisikii minong'ono kisimani. Haimwulizi mama, Mbona wakaa peke yako, na watoto hawaji tena kwako kuota moto? Kumbe mama apokea msaada kila mwezi, wala hana mkono wa mtu juu ya mkono wake. Mwana akija kuitwa, aitwa mazikoni.

Katika Katekisimo Ndogo, ya mwaka 1529, tulijifunza sote tangu darasa la kipaimara ya kwamba Amri ya Tano haitukatazi kuua tu, bali yatuagiza kumsaidia jirani katika kila hitaji la mwili wake. Wengi waikariri vizuri sana mbele ya mchungaji! Katika Katekisimo Kubwa Luther aongeza neno zito zaidi: ya kwamba ukimwona mtu ahukumiwa kufa pasipo hatia, nawe wajua njia ya kumwokoa, usimwokoe, basi wewe umemwua. Hakuandika habari za Usukuma, lakini ni kana kwamba alipita Kwimba.

Na tazameni jinsi Bwana Yesu alivyowapa watu jina. Katika mifano yake yote, mtu mmoja wa kidunia tu alitajwa kwa jina, naye ni yule maskini mwenye vidonda aliyelala mlangoni pa tajiri, katika Luka mlango wa 16. Jina lake Lazaro. Hilo ni jina la Kiebrania lililopita katika Kiyunani, na maana yake ni, Mungu amesaidia. Alilala pale mwenye jina hilo, na tajiri akapita akitoka na kuingia, wala hakuna mtu aliyesaidia, ila mbwa walimlamba. Tuna akina Lazaro, akina Eliezeri na akina Ebenezeri wengi katika madaftari ya ubatizo ya sharika zetu. Majina yao yote yana neno hilo la msaada ndani yake. Ingefaa kila mzazi alijue kabla ya kumpeleka mtoto kisimani pa ubatizo.

Lakini katika mlango ule ule wa Paulo na yowe la uuaji, liko jambo jingine. Habari zilimfikia jemadari wa kikosi cha Kirumi, naye akachukua askari akashuka mbio. Alikuwa mpagani, tena hakumjua Paulo ni nani. Alidhani ni Mmisri mmoja mwasi. Hata hivyo alikimbia kuelekea kwa yule anayepigwa, hali wale wanaomjua Mungu walikimbia ili kupiga. Watu wawili waweza kukimbia katika njia moja, usiku mmoja, kwa yowe moja, na mmoja tu wao ndiye asaidiaye.

Basi, wazee wa kanisa na akina mama wa vikundi, hatungojei mpaka yowe lipigwe. Mtakatifu Luka alilitumia neno lile mara nyingine tena, katika Matendo mlango wa 27, mahali ambapo wasomaji wengi hupita haraka. Merikebu ya Paulo imeshikwa na dhoruba. Mabaharia wameipandisha mashua kwa shida. Kisha, asema Luka, wakatumia misaada. Misaada gani? Ni kamba. Walizipitisha chini ya tumbo la merikebu, wakaizungusha na kuikaza, mbao zisije zikaachana. Wavuvi wa Kirumba watalielewa hili kuliko sisi waandishi. Kamba hufungwa wakati chombo kingali kikielea. Zikitafutwa mbao zikiisha kuachana, hazina kazi.

Kwa hiyo twawaomba jambo moja, nalo si mchango. Mwezi huu kila aliye na mama au bibi kijijini, na aende. Apande gari, alale kwake usiku mmoja au miwili, aketi naye mlangoni mchana, watu wapitao wakiona. Amsindikize kanisani akimshika mkono. Awaamkie majirani mmoja mmoja, hata yule ambaye jina lake limetajwa katika maneno mabaya, na mwenyekiti wa kitongoji pia. Akisikia mnong'ono, asiudharau wala asiuchukue kimya mpaka Mwanza; amwambie mchungaji wa pale, na mwenyekiti, na polisi, siku ile ile. Na kama mama akubali, amjengee jiko lisilo na moshi mwingi, maana hata hilo ni kamba. Wasio na mama waliye hai, wako vikongwe katika mitaa yetu hapa Pasiansi ambao hawajagongewa mlango tangu Pasaka.

Merikebu ile ya Paulo haikufika salama. Ilikwama mchangani, na sehemu yake ya nyuma ikavunjwa na mawimbi. Lakini zile kamba zilikuwa zimefungwa mapema, na katika usiku wa kumi na nne walikuwa wangali wanaelea. Walikuwamo watu 276. Waliojua kuogelea walijitupa kwanza majini, na wengine wakafuata juu ya mbao na vipande vya chombo, wote wakafika nchi kavu.