Maji ya Kuogelea, Maji ya Kunywa

Mtu atokaye pwani akifika Singida huuliza, "Huku mnaogelea wapi?" Swali huonekana dogo, tena la starehe. Kule mwambao ni dogo kweli, kwa kuwa bahari haipungui kwa kuogelewa, wala hakuna aichotaye kwenda kupikia. Lakini katika mkoa ambao mvua hunyesha msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, kuchagua mahali pa kuogelea ni kuchagua pia namna ya kuishi na jirani.

Mji wa Singida umekaa kati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai. Yote mawili ni ya maji chumvi, maana hayana mto unaotoka: jua huyakausha maji, chumvi hubaki. Huko vijijini yako malambo, na maji yake ni matamu. Mwogeleaji akipewa hiari atapenda lambo, kwani macho hayamchomi na mwili hautoki na weupe wa chumvi. Hapo ndipo shauri linapoanza.

Atasema, "Nikiugua, shauri yangu." Hoja hii ina watetezi wakubwa. Mwaka 1859 Mwingereza John Stuart Mill alishikilia katika kitabu chake kwamba jamii haina haki ya kumzuia mtu mzima kwa nguvu ila pale anapowadhuru wengine. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Lakini tutazame kichocho. Mgonjwa akikojoa majini, mayai huanguliwa, vijidudu humwingia konokono wa maji matamu, huongezeka humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya yeyote aliyetia mguu: mwogeleaji mwingine, au mama aliyeingia hadi magotini ajaze ndoo yake. Basi mwogeleaji hapokei tu, hutoa pia, na pengine bila kujua, maana mtu aweza kukaa na kichocho miaka mingi asijione mgonjwa. Konokono huyu hamwangushi Mill. Anachotulazimisha ni kutafuta hao "wengine" wanaanzia wapi.

Wapo wanaojibu: mbona ng'ombe huingia? Ng'ombe ana kichocho chake. Hiki cha mkojo kinachotusumbua twaambukizana wenyewe kwa wenyewe. Mambo haya yalifundishwa hata redioni, katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, kwa hiyo mtu mzima hana udhuru mkubwa. Mtoto aliyechunga mifugo juani tangu asubuhi simhesabu. Yeye hana pengine pa kwenda, na wa kuulizwa ni wakubwa waliochimba lambo moja kwa ajili ya watu, ng'ombe na michezo.

Basi twende Kindai? Afadhali, nadhani. Konokono wale hawapatani na chumvi, na hakuna ndoo ya kunywa inayongoja ukingoni. Kina waulizwe wenyeji. Hata hivyo sioni kama deni limekwisha. Mwogeleaji akirudi nyumbani ngozi yamwasha, naye huomba ndoo ya maji matamu ajisuuze. Ndoo moja si lambo zima. Tofauti hiyo ni kubwa, wala siidharau. Ila ndoo hiyo imetoka mahali, ikabebwa kichwani na mtu ambaye siku ile hakwenda kuogelea.