Bata Bukini Akiangukia Ziwani

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, likizo inakaribia. Wapo vijana wanaopanga kushuka Magara, kwenye barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge, wakawinde bata bukini kando ya Tanganyika. Nauli, mtumbwi na mkaa vimekwisha hesabiwa. Je, uhalali wa nyama umehesabiwa?

Kuwinda kwa ajili ya chakula kumeruhusiwa, ila kuna mambo manne ya kupanga kabla ya safari.

Kwanza ni nia. Mtume (s.a.w.) amekataza kumfanya kiumbe mwenye roho kuwa shabaha ya mchezo. Usimuue ndege kwa ajili ya picha ya simu.

Pili ni idhini. Hifadhi ya Taifa ya Rusizi, jirani na Bujumbura, imo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu tangu 2002, humo hakuwindwi. Kwa sehemu nyingine, waulizeni OBPE kwanza. Kutii sheria isiyoamrisha maasi ni katika dini.

Tatu ni silaha. Jiwe la manati huua kwa kishindo, na aya ya 3 ya Al-Maida imeharamisha mnyama aliyekufa kwa kipigo. Kuhusu risasi wanazuoni wamehitilafiana, basi muulizeni shehe wenu. Semeni Bismillahi mnapopiga, na kisu kiwe tayari: ndege akikutwa yu hai, achinjwe.

Nne ni maji, na hili ndilo linalosahauliwa. Adiy bin Hatim (r.a.) alifundishwa na Mtume (s.a.w.) kwamba windo likikutwa limezama majini lisiliwe, kwani haijulikani kama limeuawa na mshale au na maji. Wanazuoni wa Kishafii wakafafanua: ndege wa maji akipigwa akiwa juu ya maji, maji kwake ni kama ardhi, naye ni halali. Akipigwa akiwa nje ya maji kisha akaangukia humo, wamehitilafiana. Basi swali la kwanza la safari liwe hili: akianguka, nani atamfikia, na kwa muda gani? Kama hakuna jibu, msipige.

Alfajiri ufukweni hakuna mwalimu wala mzazi. Aya ya 94 ya sura hiyohiyo inaeleza jinsi waumini walivyojaribiwa kwa windo lililo karibu na mikono yao, ili ajulikane anayemcha Mola asipoonwa na mtu.

Na mkirudi bila bata, msihuzunike. Ziwa hilohilo lina mukeke na ndagala, ambao Mwenyezi Mungu ametuhalalishia bila hata kuchinja. Kuleni, mshukuru.

Wabillahi tawfiq.