Chachu ya Kugawiwa
Somo: Mathayo 13:33



Katika mfano huu Bwana wetu atuonyesha mwanamke mwenye chachu kidogo na unga mwingi, na nguvu ya kile kidogo ikaenea kote.

Huko Marekani kuna mkate uitwao mkate wa urafiki wa Waamishi, kwa jina la Wakristo waliojitenga pamoja na Jakob Ammann mwaka 1693. Asiye na chachu yake aweza kuianza mwenyewe. Huyeyusha hamira katika maji ya uvuguvugu, maana maji ya moto sana huiua. Kisha hutia kikombe 1 cha unga wa ngano, 1 cha sukari na 1 cha maziwa. Huikoroga siku kwa siku. Siku ya 6 huilisha kwa vipimo vile vile, na siku ya 10 vivyo hivyo. Ndipo huteka vikombe 4: kimoja hujiwekea, vitatu huwapa rafiki zake, inayosalia huoka mkate.

Basi angalieni neno hili. Pamoja na kikombe hutolewa karatasi yenye kanuni za siku kumi. Maana asiyejua kuilisha, chachu itamfia, naye atadhani zawadi ilikuwa mbaya.

Na sisi je? Twambatiza mtu siku ya Pasaka, twaimba, twampa mkono. Miezi yapita, wala hapana aliyefika nyumbani kwake kusoma Neno pamoja naye. Akipoa, twasema, Hakuwa na imani. Lakini ni nani aliyemfundisha kusali peke yake, mwalimu asipokuwapo? Tulimpa kikombe, karatasi tukabaki nayo.

Tena wako watoao kikombe ili kupunguza vyombo jikoni mwao. Wewe usifanye hivyo. Mpe mwenzako kwa kuwa wampenda, kisha rudi kumwuliza, Yaendeleaje?

Na ukikuta imekufa, usimcheke wala usimhukumu. Kwa nini ulijiwekea kikombe kimoja? Mmegee katika hicho, mwanze tena pamoja.

Waalimu na wazee wa sharika, kabla ya Jumapili ijayo kila mmoja na amtaje moyoni mtu mmoja aliyebatizwa kisha akaachwa, aende kwake. Bwana aliyetulisha sisi atamlisha na yeye. Amina.